Nyembe za mizimu kwa shamba la mahindi

Jumamosi moja mwezi wa kwanza tulikuwa watu watano kwa shamba la shosho ya rafiki yangu, upande wa Elmenteita, mahindi yalikuwa yameshavunwa na mabua yamelishwa ng'ombe, na kitu ya kwanza niliyookota ilikuwa nyeusi, ndefu kama kidole cha kati, inang'aa, na ukiivuta kidogo juu ya kucha inaacha unga mweupe. Shosho aliniangalia akacheka. "Hizo ni chupa za zamani, mjukuu. Trekta ikipita kila mwaka zinatoka, kuna moja ilinikata mguu." Lakini haikuwa chupa. Ilikuwa obsidiani, kioo cha volkano, na mgongoni ilikuwa na mistari miwili imenyooka kutoka juu mpaka chini, pale vipande vingine vilibanduliwa kabla ya hiki. Jiwe likivunjwa na trekta haliachi mistari kama hiyo. Kuna mtu alikaa hapo chini, akashika jiwe kwa mkono mmoja, akachagua pembe, akagonga, akageuza, akagonga tena.

Mmoja wetu alikuwa amekuja na jembe kwa buti ya gari. Ni mtu anapenda historia kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alikuwa ameshaona pahali vipande vimejaa, kwa kona ya chini karibu na mgunga, na pia vipande vya vyungu viwili vitatu. Akasema tuchimbe shimo moja tu, mita moja kwa mita moja, tuone kama watu waliishi hapa. Tulibishana karibu saa nzima tukiwa tumesimama kwa jua na shosho akatuletea chai hapo hapo. Hii makala ndio jibu langu kwake, kwa urefu ambao sikupata ile siku.

Niseme msimamo wangu mapema ndio tusisumbuane. Mimi nataka watu wa kawaida waingie kwa akiolojia ya hii nchi, mwalimu wa msingi, fundi wa mjengo, mama mwenye shamba, kijana ambaye hana kazi wikendi, na nataka waingie mpaka ndani ya shimo wakiwa na mwiko mkononi. Lakini kile kinakosekana Kenya leo si watu wa kuchimba. Kinachokosekana ni mtu wa kukujibu ukiuliza, "Hii ni nini?"

Louis Leakey, yule mtafiti maarufu wa binadamu wa kale, alizaliwa Kabete mwaka 1903. Alipokuwa na miaka kama 13 alianza kuokota hivi vipande vyeusi baada ya mvua kuosha udongo, na Wakikuyu wa wakati ule walikuwa wanavijua vizuri, walikuwa na jina lake, nyenji cia ngoma, yaani nyembe za mizimu. Kijana akapeleka mawe yake kwa makumbusho ya Nairobi, na Arthur Loveridge, ambaye ndiye alikuwa anasimamia makumbusho, akayaangalia, akamwambia ndio, hizi ni zana. Basi. Mtu mmoja kwa ofisi alichukua dakika chache akaangalia mawe ya mtoto, na mengi ya yale dunia inajua kuhusu binadamu wa kale Afrika Mashariki yalianzia pale. Mimi nikisoma hio hadithi sifikirii sana juu ya Leakey, nafikiria juu ya watoto wote wa Kabete, wa Kikuyu, waliookota nyembe hizo hizo, wakakatwa vidole na hizo hizo, na hawakuwa na njia ya kufika kwa ile meza.

Na hayo makumbusho yenyewe yalianzishwa na nani? Na watu wasio na kazi hio. Mwaka 1910 chama cha wapenda mazingira, Waafrika hawakuwemo, kilitaka pahali pa kuweka vipepeo na ndege na mawe waliyokuwa wanakusanya, wakapata nyumba, na ndio mwanzo wa hii taasisi kubwa tunayoiona Museum Hill. Fort Ternan nayo ni hivyo hivyo. Mkulima mmoja, Fred Wicker, alipata mifupa kwa shamba lake, akaipeleka kwa Leakey, pakachimbwa, na kiumbe cha miaka kama milioni 14 kilichotoka pale kikapewa jina lake, Kenyapithecus wickeri. Hyrax Hill pale Nakuru, kwa wale mmepita hapo mkienda na shule, ilikuwa shamba. Mary Leakey, mke wa Louis, alichimba hapo 1937 na 1938, akapata makaburi na makao ya watu wa kale, mwaka 1943 pakatangazwa pahali pa kuhifadhiwa kitaifa, na ile nyumba ya makumbusho unayoingia leo ni nyumba ya mwenye shamba, Bi. Selfe.

Hawa wote vitabu vinawapa heshima ya kuwaita wapenzi wa akiolojia. Sasa angalia upande ule mwingine wa shimo. Heslon Mukiri alichimba na Leakey miaka na miaka. Kamoya Kimeu alianza kazi ya kuchimba Olduvai, kule Tanzania, mwaka 1960 akiwa kijana aliyeacha shule mapema, na mwaka 1984 pale Nariokotome, magharibi ya Turkana, jicho lake likaona kipande kidogo cha fuvu kati ya changarawe zenye rangi sawa na hicho kipande, na hicho ndicho kilikuja kuwa Turkana Boy, kiunzi cha mifupa cha miaka milioni 1.5 hivi. Chuo kikuu kimoja Marekani kilimpa digrii ya heshima mwaka 2021, mwaka mmoja kabla afariki. Kimeu hakuwa na digrii wakati alipoona kile kipande, na Wicker pia hakuwa, lakini huyu aliitwa mpenzi wa sayansi na wengi wa wale wenzake Kimeu walioshinda kwa jua na chekeche wakaandikwa vibarua, ama hawakuandikwa kabisa. Kwa hivyo mtu akiniambia ati mwananchi wa kawaida hawezi hii kazi, namuuliza anadhani nani amekuwa akiifanya tangu 1926, Leakey alipoanza safari zake za kuchimba.

Sasa turudi kwa jembe la rafiki yangu, na kwa nini nililikataa.

Shida ya kuchimba ni kwamba unachimba mara moja. Kitabu ukikisoma vibaya unarudi ukurasa wa kwanza, lakini hapa ukisoma ukurasa umeuchoma. Na kile kinachosema mambo si kile kipande cheusi, ni pale kilikuwa kimelala. Kwa mfano Narok kuna pahali watafiti walichimba maboma ya wafugaji ya kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita, matokeo yakatoka 2018, na kitu ya maana zaidi waliyopata ilikuwa tabaka la udongo wa kijivu, laini, ambalo mtu na jembe angelitupa nje bila kuangalia mara mbili. Lile tabaka ni mavi ya ng'ombe na mbuzi. Mavi ya miaka 3,000! Na mpaka leo udongo wa hapo una rutuba kuliko wa kando, nyasi inaota vizuri zaidi, mpaka ukiangalia picha za satelaiti unaona madoa ya kijani ya mviringo, na wanyama wa porini wanakuja kulisha hapo kwa sababu ya maboma ambayo wenyewe walihama, mengine kabla ya Kristo kuzaliwa. Mimi hio kitu hunigusa sana, sijui kwa nini watu hawaiongelei. Lakini ili ujue hayo unahitaji kukata ukuta wa shimo ukiwa umenyooka, uone tabaka limeanzia wapi na kuishia wapi, uchukue udongo kwa kijiko kutoka pahali pamejulikana, uweke kwa karatasi, uandike. Shimo la mita moja la watu watano wenye hamu lingetupatia pengine vipande 60 vya kuweka kwa rafu ya sebule, na kona ya shosho ingekuwa imekwisha.

Hata wataalamu wenyewe wamejifunza hii kitu kwa uchungu. Kule Uingereza, Yorkshire, kuna pahali panaitwa Star Carr, ni shamba, lilikuwa kando ya ziwa la zamani miaka kama 11,000 iliyopita, na aliyepagundua alikuwa mtu wa hapo anaitwa John Moore, hakuwa profesa, alikuwa anaangalia mitaro ya maji ya mashamba miaka ya 1947 na 1948 akaona mawe yaliyochongwa. Grahame Clark wa Cambridge akaja kuchimba 1949 mpaka 1951, kazi nzuri ikapata sifa dunia nzima, na akafikiri ilikuwa kambi ndogo ya wawindaji. Kwa bahati hakuchimba pote. Waliorudi miaka ya 2000 na vifaa vipya wakapata pahali pakubwa zaidi, mpaka na nyumba. Lakini wakapata pia kwamba mitaro ya kukausha shamba imefanya udongo kuwa na asidi, na mifupa na pembe zilizodumu miaka elfu kumi zilikuwa zinalainika kama jeli chini ya ardhi. Kwa hivyo ukichimba haraka unaharibu na ukingoja sana shamba lenyewe linaharibu, na hapo katikati ndio kazi yote iko.

Sheria yetu nayo inasemaje? Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inasema vitu vya kale vilivyo chini ya ardhi ni mali ya serikali, hata kama hati ya shamba ni yako, kuchimba kuvitafuta bila leseni ni kosa, na ukivipata kwa bahati unafaa kuripoti ndani ya siku saba na uonyeshe mahali penyewe. Mimi sina shida na hio sheria. Tumeibiwa vya kutosha. Vigango vya Wamijikenda, zile nguzo za mbao za kukumbuka wafu, viling'olewa Pwani vikauzwa vikaishia kwa makumbusho na sebule za Marekani, na kuvirudisha kumechukua miaka na miaka. Sheria kali ina sababu.

Lakini niambie, nani anajua hizo siku saba? Nani kwa kijiji cha shosho amewahi kuambiwa kwamba kile kitu kilimkata mguu ni cha kuripotiwa? Na unaripoti wapi? Mimi nilijaribu. Nilipiga picha, nikaweka rula kando ya kila kipande, nikachukua mahali kwa simu, nikatuma kwa ofisi moja ambayo nilielekezwa ndio inahusika, nikapiga simu mara tatu, nikaambiwa nitapigiwa. Mpaka naandika hii sijapigiwa. Siwalaumu watu wa hapo mmoja mmoja, najua wako wachache na nchi ni kubwa, lakini ndio maana mtu anarudi kwa gari anachukua jembe. Ukimya ndio unachimba hizo mashimo.

Na wakati tunangoja kujibiwa, mashimo yanachimbwa kila siku na watu ambao hawatafuti chochote cha kale. Toka Nairobi uende Lukenya, kama dakika 50 kama Mombasa Road imekubali. Lile jabali ambalo watu wa Nairobi huenda kupanda kwa kamba wikendi limezungukwa na sehemu watu waliishi, wawindaji wa makumi ya maelfu ya miaka na baadaye wafugaji wa ng'ombe, na obsidiani nyingine iliyopatikana pale ilipimwa ikaonekana imetoka mabonde ya Naivasha, karibu kilomita 100, ikibebwa kwa miguu ama ikipita mkono kwa mkono. Sasa angalia pande zote za hilo jabali leo. Ni ploti, hamsini kwa mia, bikoni, lori za mchanga, machimbo ya mawe. Kila ploti inachimbwa msingi na kila ploti inachimbwa shimo la choo, na hakuna mwanaakiolojia Kenya hii amewahi kufungua mashimo mengi kama vijana wa kuchimba vyoo. Wao wanaona ndani ya ardhi kila siku. Wanaona mkaa mahali hapafai kuwa na mkaa, wanaona mfupa, wanaona kipande cha chungu chenye alama za kudunga dunga, na wanarusha juu na udongo mwingine kwa sababu wanalipwa kwa futi.

Mimi naamini hao ndio wa kuanza nao. Fikiria vifaa vya kuchimba kisayansi ni gani. Mwiko, ule ule wa fundi. Uzi wa kunyoosha mraba. Pima maji ya kujua kama umeshuka sawa pande zote. Timazi. Karai ya kubeba udongo na chekeche ya waya ya kuchuja. Mtu wa mjengo ukimpa hivyo vitu huhitaji kumfundisha mikono, mikono inajua tayari, unamfundisha macho na subira, na kuandika. Nimewahi kukaa siku nne kama mtu wa kujitolea kwa uchimbaji uliokuwa na leseni na wataalamu wake, kazi yangu ilikuwa kuchekecha na kuosha, na naweza kusema kwamba siku ya kwanza nilikuwa sioni kitu. Udongo unamwagwa kwa chekeche, unatikisa, vumbi linaingia mpaka kwa meno, zinabaki changarawe, unatupa. Dada mmoja mwanafunzi akaniambia rudisha mkono. Akatoa kati ya changarawe zangu ushanga wa yai la mbuni, mdogo kuliko punje ya dengu, una tundu katikati. Nilikuwa nimeutupa. Siku ya tatu nilikuwa nauona mwenyewe kabla hajaongea, na kuosha vipande vya vyungu kwa beseni na mswaki laini nikajifunza usisugue upande wa ndani manake mabaki ya chakula yanaweza kuwa yameshikamana hapo. Siku nne tu. Sasa mtu akipewa miezi mitatu ya wikendi?

Na hatuhitaji kwenda ng'ambo kutafuta mfano wa vile wananchi na wataalamu wanafanya kazi pamoja, iko hapa Nairobi. Kila Jumatano asubuhi watu wanakutana pale makumbusho wanaenda kuangalia ndege, chama cha mazingira cha Nature Kenya wamefanya hivyo miaka mingi, anayejua anatembea na asiyejua, na kila Januari watu wa kujitolea wanaingia kwa maziwa ya Bonde la Ufa kuhesabu ndege wa maji, na hizo hesabu zinatumika kweli na wanasayansi. Anayehesabu heroe Nakuru haulizwi digrii. Anafundishwa kuhesabu, anapewa karatasi, anapewa kiongozi. Kwa nini basi hakuna Jumamosi moja kwa mwezi ambapo watu wanatembea kwa mistari juu ya shamba lililolimwa, mita tano mtu na mtu, wakiweka kibendera kila wanapoona kipande, bila kuchimba hata inchi moja, na mtu mmoja aliyesomea anachora ramani? Hio peke yake ingetuambia wapi kuna makao na wapi ni mawe yaliyobebwa na maji. Baada ya hapo, kama kuna sababu ya kuchimba, mtaalamu achukue leseni na wale waliotembea wawe wa kwanza kuingia shimoni. Na majina yao yaandikwe kwa ripoti, yote, na mwenye shamba pia kama anataka.

Rafiki yangu ananiambia hii yangu ni njia ndefu, kwamba trekta haitangoja kamati. Ana haki. Udongo wa juu kwa shamba kama lile unageuzwa kila mwaka na vipande vinazidi kuwa vidogo, na penye udongo mweusi wa kupasuka, kama kule Athi, hata bila trekta vitu vinatumbukia kwa nyufa kiangazi na kupanda tena mvua ikija. Lakini mtu akiharibu polepole hio hainipi ruhusa ya kuharibu haraka. Kile nakubaliana naye ni kwamba mwenye shamba hawezi kuombwa aache kulima bure. Watu wa turathi huongea kama ardhi haina njaa. Kile kipande cha shosho ni ada ya shule ya mtu, na majirani nao walikuwa wameshaanza kuuliza kama tumepata dhahabu, na kesho yake tukiwa tumeenda ni yeye atabaki akijibu. Mpango wowote ambao haumlipi mwenye shamba mavuno yake na haumwelezi chifu na majirani mapema ni nini kinatafutwa, huo utaisha na mtu kuja usiku na sururu.

Jembe lilirudi kwa buti. Tulichofanya ni kuhesabu vipande pale vilipolala bila kuvitoa, tukachora kona yote kwa daftari la hesabu, kila hatua mraba mmoja, na ile ndefu yangu nikairudisha pahali niliitoa, nikaweka jiwe la kawaida kando yake kama alama. Ilinisumbua kuirudisha, sitadanganya, niliishika mpaka ikapata joto.

Shosho alisema trekta inakuja wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu kabla mvua. Alisimama hapo kwa kona akapiga hesabu na kidole, akasema hapa napata kama magunia matatu, nikiacha msimu mmoja si kitu kubwa, lakini wa pili nitapanda, kwa hivyo huyo mtu wenu wa kuangalia mawe aje. Tumechanga pesa ya magunia matatu. Barua tumeiandika upya, safari hii kwa karatasi, ramani ya daftari imeambatanishwa, na Jumatatu naenda kuipeleka mwenyewe kwa mkono na nitakaa hapo kwa benchi mpaka mtu aifungue.